Kwa Mkono wa Mugure

Ankilimaro, Madagaska
19 Januari 2025

Chamgei, Mama,

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu najua ni Mama Abby atakayekusomea, na miaka saba baada ya kuolewa na kaka yangu Weldon, Kikalenjin chake bado ni cha kuuzia maziwa tu. (Mama Abby, usinune, unajua ni kweli.)

Tumefika salama. Tuko watatu kama unavyojua: Pastor Kihara, Kibii dereva, na mimi nesi wao. Kutoka uwanja wa ndege mpaka hapa ni siku nne. Mbili za kwanza ni lami, ya tatu ni vumbi, na ya nne sijui niiite nini, kwa sababu barabara iliingia mtoni na haikutoka upande wa pili. Huku lori huvushwa kwa mbao zilizofungwa juu ya mitumbwi. Kibii alipoziona akazima injini, akakunja mikono kifuani. "Pastor, mimi ni dereva wa lori. Sijaandikwa kazi ya Nuhu."

Tulivuka hivyo hivyo. Katikati kamba ikakatika, tukateremka na maji kama vile tunasindikizwa, mpaka tukakwama kwenye mchanga. Pastor alikuwa amekunja suruali hadi magotini akiomba kwa sauti, Kibii akimjibu Amina kwa hasira. Ng'ombe sita wenye nundu ndio waliotutoa. Tulipoteza sanduku moja la glavu na kiatu changu kimoja cha kanisani.

Nyumba yangu ni ya udongo, safi, na zahanati iko hatua chache tu. Mwenye boma ni Bibi Soa, mjane. Kila asubuhi ananiuliza kwa mikono kama mama yangu yuko. Nami namjibu kwa mikono kwamba yuko, na ana kelele. Anacheka sana.

Huku hakuna network hata ya kukisia. Kibii akiteremka mjini kuchukua dawa, anapiga picha barua zetu kwa simu na kumtumia Winrose kwenye ofisi ya kanisa pale Nakuru. Winrose anazichapisha, Mama Abby anazichukua siku ya soko. Zako pia zitakuja kwa njia hiyo, Kibii atazichapisha mjini. Na tafadhali, meza dawa za presha hata siku unayojisikia mzima.

Sasa niseme lililo moyoni. Najua nilikuaibisha. Watu wa Kipruto walikuwa wameshaketi kwa koito ile ya Desemba, maziwa ya mursik yameshamiminwa, wazee wanakohoa tayari kuanza habari ya mahari, halafu anayeposwa anasimama na kusema anakwenda misheni ng'ambo mwaka mzima. Ningeweza kukwambia mapema. Niliogopa, nikaahirisha, nikaja kusema siku mbaya kuliko zote. Asubuhi ya kuondoka nilikuita mara tatu na hukutoka jikoni.

Nisamehe, Mama. Ukinijibu, hayo mengine yote waweza kuyaacha. Niandikie tu kama umenisamehe, hata kama ni mstari mmoja.

Mtoto wako,
Chemutai


Subukia
4 Februari 2025

Chemutai,

Barua imefika na imesomwa. Anayesema ni mimi mama yako, anayeandika ni Mugure, huyo Mama Abby wako, na nimemwambia aandike vile ninavyosema, asitie sukari. (Ni mimi Mugure: naandika vile anavyosema.)

Ng'ombe yule mweusi amezaa, ni dume, hasara. Mahindi tumeuza nusu. Weldon bado yuko kule Kariandusi kwenye machimbo, anarudi Jumamosi amejaa lile vumbi jeupe kama mtu aliyelala kwenye gunia la unga, halafu anataka kukalia viti vyangu. Huyu Mugure tumbo linamtangulia mlangoni. Nimemkataza kubeba maji na anabeba. (Nilibeba ndoo moja tu.) Andika mbili.

Umesema mliingia kwa maji. Kwani huko hakuna daraja? Na hao watu wenu wakiugua wanatoka na nini? Sasa naona kwa nini wanahitaji nesi. Lakini nauliza, Mungu hana manesi wengine? Miaka ishirini nimepeleka mayai ya misheni kanisani, kila mwezi, sijakosa. Nilidhani natoa mayai. Sikujua nitaambiwa nilete na kuku. (Hapa amenyamaza. Amesema nisiandike kwamba amenyamaza.)

Dawa ninameza. Usiniulize tena, mimi si mgonjwa wako.

Juu ya lile uliloomba. Wewe uko ng'ambo ya bahari. Mimi ndiye ninayeketi benchi moja na mama yake Kipruto kila Jumapili, na kitabu cha nyimbo tunashika pamoja kwa sababu yeye amesahau miwani. Kwa hivyo hilo bado. Tutaongea.

Funga kichwa ukienda juani. Na umwambie huyo Bibi Soa kwamba kelele zangu zina sababu.

Mama yako,
Tapkigen
(kwa mkono wa Mugure)


Ankilimaro
20 Februari 2025

Chamgei, Mama,

Kibii anawasha lori, kwa hivyo naandika mbio. Mto umejaa mpaka wenye mitumbwi wameanza kuitoa majini. Anavuka leo kwa mara ya mwisho, na mara tu dawa zikipakiwa atarudi kabla njia haijafungwa. Baada ya hapo ni mpaka mwisho wa Aprili. Usipopata barua usifikirie nimekufa.

Juzi nilizalisha pacha kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mama mtu alikuwa analetwa zahanati, gurudumu likazama kwenye tope, na watoto hawakukubali kungoja. Mume alishika ng'ombe pembe, mimi nikapiga magoti kwenye majani. Wote wazima. Nilipomaliza nilikaa kando ya njia nikalia, na sikuwa nalia kwa ajili ya wale watoto. Nilikuwa nataka kukwambia na hukuwepo.

Mama, lile neno lako "hilo bado" nimelisoma mpaka karatasi imelegea. Nakujua. Ukiwa umekasirika kweli huwa husemi kabisa, na wewe umesema, kwa hivyo nina tumaini. Lakini tumaini linachosha. Nikimshika mgonjwa nawaza, mimi ni nani kuombea watu wakati mama yangu mwenyewe ameninunia? Sikuombi unisifu. Sikuombi useme nilifanya vizuri. Nataka kujua kama nikirudi nitaingia jikoni kwako kama zamani.

Kibii anapiga honi. Tafadhali, nijibu hilo.

Chemutai


Subukia
25 Machi 2025

Mwanangu mpendwa Chemutai,

Nimechelewa kukujibu. Tumekuwa na wageni wengi hapa nyumbani wiki hizi, na kazi haikwishi. Sisi sote tuko vizuri. Mvua imeanza na kahawa ya kule juu imetoa maua mengi.

Nimekusamehe. Nimekusamehe kabisa, wala sina kinyongo chochote na wewe. Usibebe tena mzigo huo. Ile asubuhi uliponiita sikutoka, lakini ujue kwamba nilisimama kwenye dirisha dogo la jikoni nikaitazama pikipiki iliyokubeba mpaka ikapita nyumba ya akina Mathenge na ikapotea kwenye kona. Nilitaka kukuita.

Ukirudi, jikoni ni kwako kama zamani. Kazi unayoifanya ni njema na wale pacha wa mkokotenini nimewaombea. Najivunia wewe. Labda sikuwahi kukwambia, basi leo nakwambia.

Jitunze, mwanangu. Usihuzunike kwa lolote.

Mama yako akupendaye,
Tapkigen
(kwa mkono wa Mugure)


Ankilimaro
2 Mei 2025

Mama, Mama, Mama!

Mto ulishuka wiki iliyopita na Kibii amerudi na barua yako imekunjwa ndani ya Biblia yake. Niliisoma nyuma ya zahanati, nimeketi juu ya debe, nikalia mpaka Bibi Soa akaja na fimbo akidhani nimeumwa na nyoka.

Nikwambie ukweli, barua ilikuwa laini mpaka nikadhani Mama Abby ametia sukari. Lakini lile la dirishani, nani mwingine angelijua? Weldon alikuwa mbele yangu kwenye pikipiki. Mimi sikugeuka nyuma, nilijikaza. Kumbe ulikuwa pale.

Siku iliyofuata tulipeleka chanjo kwenye vijiji vya mbele. Lori likazama kwenye udongo mweusi, ule unaoshika kama gundi, likakataa kabisa. Chanjo haingoji. Nikaweka sanduku la barafu kichwani, Pastor akabeba madaftari, tukaenda kwa miguu tangu saa mbili mpaka jua la saa saba. Nilikuwa ninaimba njia nzima. Kibii akauliza, "Madam, leo umekula nini? Mimi hata nguvu ya kulalamika sina." Nikamwambia nimesamehewa na mama yangu. Akasema, "Basi angekusamehe kabla hatujanunua mafuta, tungekuja na miguu kutoka mwanzo." Pastor yeye hakucheka. Alisema Bwana asifiwe, halafu akainama akafunga kamba ya kiatu kwa muda mrefu. Amekuwa mtu wa huzuni siku hizi, na ananiombea hata mbele ya chai. Nadhani anawaza nyumbani kwake.

Tulichanja watoto wengi. Walitupikia wali, na baada ya wali wakatupa maji yaliyochemshwa kwenye ukoko wa sufuria, ndiyo chai yao. Ungeyapenda. Ungesema yana moshi lakini ungeomba mengine.

Sasa sikia. Mwezi wa sita, tarehe ishirini na moja, nitateremka mjini na Kibii. Kule simu inashika. Nitapiga kwa Mama Abby saa nne asubuhi. Kaa karibu. Nataka kusikia sauti yako tu, hata ukinigombeza.

Mtoto wako mwenye furaha,
Chemutai


Subukia
29 Mei 2025

Mwanangu mpendwa,

Nina habari njema sana. Mugure alijifungua tarehe ishirini na mbili, mtoto wa kike, mzima, kilo tatu na nusu. Alipata shida kidogo lakini sasa anatembea, na Abby hataki mtu mwingine amshike mdogo wake. Kanisani ataitwa Emmy.

Na nikupe raha zaidi. Abby alizaliwa Weldon na Mugure wakikaa Kariandusi na hakufanyiwa lile jambo la jina. Safari hii kina kogo, mabibi wa ukoo, walikuja, watano, wakafunga mlango, wakamzunguka mtoto wakimwitia majina moja moja. Mugure hakuyajua mengi. Yalipotajwa hayo, mtoto alikaa kimya tu. Halafu wakaita Tapkigen, na pale pale akapiga chafya, kubwa kuliko yeye mwenyewe! Walipiga vigelegele, na wawili wakalia. Kwa hivyo mjukuu wangu ana jina langu. Siwezi kukueleza furaha iliyokuwa katika nyumba hii, ambayo kwa muda mrefu haikuwa na furaha. Natamani ungekuwepo umwone. Ana paji la uso langu.

Juu ya simu, mwanangu, usijisumbue. Unajua mlima huu wetu simu inakatakata, na masikio yangu siku hizi si mazuri. Barua zinatosha. Barua ninaweza kusomewa mara nyingi.

Mama yako akupendaye,
Tapkigen
(kwa mkono wa Mugure)


Ankilimaro
14 Juni 2025

Mugure,

Mama alikufa lini?

Nimekaa na barua yako siku tatu. Siku ya kwanza niliisoma kwa furaha mpaka nikafika kwenye chafya. Nikarudi juu nikaisoma tena.

Hukujua. Nani angekwambia, na wale kina kogo wanaongea Kikalenjin kitupu? Kwenu bibi, cucu, anambeba mtoto aliyepewa jina lake, wanaitana kwa jina moja wote wawili, ni heshima. Kwetu mtoto haitwi jina la mtu aliye hai. Wale kina mama walikuwa wanawaita waliokufa wa ukoo wetu, mmoja mmoja, kuuliza ni nani amerudi. Mtoto akipiga chafya, ndiye huyo. Hakuna kogo yeyote wetu wa Kipsigis ambaye angeita jina la mama yangu juu ya mtoto huku mama yangu yuko jikoni. Umeniandikia kifo chake kwa furaha, na saini yake umeiweka chini.

Nilikwenda kwa Pastor Kihara nikamwekea ukurasa mezani. Alisoma akafunika uso. Kumbe yeye alijua tangu mto uliposhuka. Hata Winrose aliyezichapisha barua zangu za kuimba alijua. Bibi Soa ameniuliza tena asubuhi hii kama mama yangu yuko, na nilishindwa la kufanya na mikono yangu.

Nimetoa notisi. Nesi mwingine anakuja mwisho wa Julai, nitaondoka mwezi wa nane. Tarehe ishirini na moja sitapiga simu. Sitaki kusikia sauti ya mtu yeyote wa nyumbani kwa sasa, wala yako wala ya Weldon.

Lakini jambo moja utanijibu, na utanijibu kwa maandishi, kwa sababu ni wewe ulianza kwa maandishi. Barua ya Machi. "Nimekusamehe kabisa." Je, Mama alisema maneno hayo na wewe ukayaandika, au ni yako? Na la dirishani. Nimetembea mwendo wote ule na sanduku kichwani kwa nguvu ya maneno hayo, kwa hivyo nina haki ya kujua ni ya nani. Usinionee huruma, Mugure. Huruma yenu nimeiona.

Chemutai


Subukia
30 Juni 2025

Chemutai,

Mama alifariki Jumapili tarehe tisa Machi. Alikuwa amekaa kitandani anafunga kitambaa cha kichwa ili twende kanisani. Nilisikia kikombe kikianguka, nikaingia, nikamkuta ameinamia upande mmoja. Mathenge alileta gari lake lakini hatukufika hata barabara kubwa. Alikuwa anameza dawa, hilo usiwe na shaka, nilikuwa nampa mwenyewe na kungoja ameze. Tulimzika tarehe kumi na nne, juu kwenye kahawa. Mama yake Kipruto alikuja. Alisimama nasi jikoni siku zote tano akipika.

Weldon na wazee wa kanisa waliketi baada ya mazishi wakaamua usiambiwe. Walisema mto umejaa, huwezi kutoka hata ukijua, utabaki na msiba peke yako kwenye nchi ya watu. Walisema hao wagonjwa hawana nesi mwingine. Mto uliposhuka na Kibii akafika mjini, Winrose alipiga simu kwenye duka la dawa, ujumbe ukaandikwa na kupelekwa kwa Pastor Kihara kwa karatasi iliyofungwa, Kibii mwenyewe asijue. Mimi niliambiwa, wewe ndiye mwandiko wake, andika. Nikaandika.

Barua ya Machi ni yangu, yote. Ya Mei ni yangu. Aliyesimama dirishani asubuhi ile ni mimi. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, anasonga ugali ambao hakuna aliyekuwa ameomba, na ulipomwita Mama kutoka nje mara tatu nilimtazama na hakuinua kichwa. Nilikwenda dirishani kwa sababu sikutaka uondoke bila mtu kukuangalia. Hilo ni kweli lilitokea, Chemutai, ila mwenye macho hakuwa yeye.

Ile ya kwanza naweza kusema nililazimishwa. Ya pili hakuna mtu aliyenilazimisha. Weldon alisema niandike mistari miwili, mtoto amezaliwa, basi. Mimi ndiye niliyeketi na kuendelea. Unajua mama yangu mzazi hajakanyaga Subukia tangu niolewe, kwa ajili ya yale ya 2008 baada ya uchaguzi, kabila lenu na letu, na simlaumu, nyumba yetu ilichomwa na watu waliotujua kwa majina. Mama yako hakuwahi kuniuliza mimi ni wa kabila gani. Aliniuliza kama najua kukamua. Nikishika kalamu na kuandika "mwanangu" ilikuwa kama bado yuko nyuma yangu akinikosoa. Nilijua ni dhambi, na bado nilifurahi nikiandika. Hilo ndilo la kunichukia, kama unatafuta la kunichukia.

La jina sikujua. Nilipowaona wale wawili wakilia nilidhani wanalia kwa kumkumbuka. Kwetu ningekuwa nimefanya jambo zuri. Weldon aliposoma barua yako aliketi chini kwenye nyasi, akaniambia ndiyo, ndivyo ilivyo, na kwamba hakufikiria kunieleza.

Sasa nikujibu ulilouliza. Weldon amesema, "Mwandikie Mama alimsamehe. Yeye hawezi kujua, na aliyekufa hatakuja kukataa." Mzee wa kanisa naye amesema hivyo hivyo kwa maneno mazuri zaidi. Nimekaa na karatasi hii siku nne nikitaka kuwatii. Lakini nimeshamsemea mama yako mara mbili, na ya tatu siwezi.

Barua yako ya Februari ilimkuta hai. Niliichukua Nakuru Alhamisi, nikamsomea Ijumaa asubuhi jikoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Soma tena." Nikasoma. Akasema, "Hapo kwa watoto wa mkokoteni, soma tena." Nikasoma hapo. Kisha akaichukua mkononi, ingawa maandishi yale madogo hakuweza kuyaona, akaikunja, akaitia kifuani. Tuliikuta hapo tulipomvua nguo siku ya Jumapili. Iko kwangu, nitakupa.

Nikamuuliza, "Mama, nilete kalamu tumjibu?"

Akasema, "Wacha hiyo. Tutaandika Jumatatu. Mwache na yeye aumie kidogo, mimi nimeumia tangu Desemba."

Ndiyo maneno yake ya mwisho juu yako. Jumamosi hakukutaja, tulikuwa na kazi ya mahindi. Jumapili nimekwambia. Sijui Jumatatu angeniambia niandike nini. Nilikuandikia nilichokuwa natumaini angesema.

Tangu barua yako ije nimejaribu kila siku kukumbuka kama alisema vile akicheka. Ingekuwa neno jingine kabisa kama alikuwa anacheka, wewe unamjua kuliko mimi. Lakini jiko lilikuwa limezima. Nilikuwa nimeinama nikipuliza moto, na moshi ulikuwa mwingi, na sikugeuka kumwangalia.

Mugure